Nani Alipie Utafiti wa Uti wa Mgongo?

Maumivu ya mgongo, hasa ya kiunoni, ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwaacha watu wakiishi na ulemavu. Shirika la Afya Duniani linataja watu milioni 619 waliokuwa nayo mwaka 2020, na kukadiria kuwa watafika milioni 843 ifikapo 2050. Pamoja na ukubwa huo, mtafiti wa Dar es Salaam anayeandaa andiko la kuomba fedha haoni milango mingi iliyo wazi. Mpango wa EDCTP, unaounganisha watafiti wa Ulaya na Afrika, umejikita katika magonjwa ya kuambukiza, na mifuko ya kitaifa kama MTUSATE, mfuko wa Tanzania wa kuendeleza sayansi na teknolojia, hulazimika kugawa kidogo ilichonacho kwa sayansi nzima. Walio tayari kulipa ni watengenezaji wa skrubu, vyuma na vifaa vingine vinavyopandikizwa mgongoni. Je, tupokee fedha zao?

Wanaosema tupokee wana hoja nzito. Taasisi ya AO, iliyoanzishwa na madaktari wa upasuaji nchini Uswisi mwaka 1958, ilikua kwa mrabaha wa vifaa vilivyobuniwa na madaktari hao kwa kushirikiana na viwanda, na kwa fedha hizo imegharimia utafiti na mafunzo ya madaktari katika mabara yote. Mgonjwa aliyevunjika pingili, yaani mfupa mmojawapo wa uti wa mgongo, hafaidiki na usafi wa fedha ambazo hazipo.

Wanaopinga hukumbusha kisa cha Infuse, protini ya kuotesha mfupa iliyotengenezwa na kampuni ya Medtronic na kuidhinishwa Marekani mwaka 2002, ili daktari anayeunganisha pingili asilazimike kuchukua mfupa wa nyonga ya mgonjwa. Ripoti 13 za tafiti zilizofadhiliwa na kampuni, zenye wagonjwa 780, hazikutaja hata dhara moja lililotokana na protini hiyo. Juni 2011 jarida la The Spine Journal lilichapisha mapitio yaliyolinganisha ripoti hizo na nyaraka za mamlaka ya dawa, yakakadiria kuwa madhara yalikuwa kati ya asilimia 10 na 50, kutegemea aina ya upasuaji. Mwaka uliofuata kamati ya Seneti ya Marekani ilieleza kwamba kampuni ililipa takriban dola milioni 210 kwa waandishi wa tafiti hizo katika kipindi cha miaka 15, na kwamba wafanyakazi wake walishiriki kuandika na kuhariri makala bila kutajwa. Kampuni ilikana kuwa ilishawishi matokeo isivyostahili.

Kisa hicho kina sehemu ya pili, ambayo wapinzani huipita haraka mno. Medtronic hiyohiyo ilikabidhi data za wagonjwa wake kwa Chuo Kikuu cha Yale na kulipia uchambuzi huru, na mwaka 2013 timu mbili zilizofanya kazi bila kushauriana zilichapisha kwamba protini hiyo haikuwa na ubora wa maana kuliko mfupa wa nyonga. Fedha zilitoka mfuko uleule. Kilichobadilika ni nani alishika data na nani alikuwa na haki ya kuchapisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kamati zetu za maadili zinapaswa kusimama imara kabla ya kutoa kibali chochote.

Hata hivyo yapo maswali ambayo kampuni haitayauliza kamwe, kwa kuwa jibu lake haliuziki. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipofanya majaribio ya kifua kikuu cha uti wa mgongo huko Korea, Hong Kong na Bulawayo kuanzia miaka ya 1960, lilionyesha kwamba wagonjwa wengi waliomeza dawa wakitokea nyumbani walipona sawa na waliolazwa miezi 6 kitandani, na kwamba koti la plasta, yaani ganda gumu la kushikilia kiwiliwili, halikuwaongezea nafuu. Upasuaji mkubwa uliojaribiwa Hong Kong, wa kuondoa mfupa ulioharibika na kuunganisha pingili, ulipunguza kibiongo, lakini haukuwa wa lazima kwa kila mgonjwa. Familia ngapi zimeepushwa na miezi ya kuuguza hospitalini kwa matokeo hayo!

Fedha za umma nazo zina udhaifu wake. Utafiti wa SPORT, uliofadhiliwa na serikali ya Marekani kulinganisha upasuaji na tiba nyingine, ulitia ukungu jibu lake kwa sababu wagonjwa wengi walihama kundi: katika miezi 3 ya mwanzo, ni nusu tu ya waliopangiwa upasuaji wa diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili, waliofanyiwa.

Kaskazini-mashariki mwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba kuanguka ndiko kunakoongoza kuumiza uti wa mgongo, mbele ya ajali za barabarani. Aliyeanguka kutoka mtini hunyanyuliwa kwa makwapa, akaketishwa kwenye bodaboda kati ya dereva na ndugu yake, shingo ikiyumba hadi zahanati. Namna salama ya kumbeba kwa ubao na kamba zilizopo kijijini, na namna ya kumkinga aliyepooza na vidonda vya mgandamizo akiwa nyumbani, hakuna kiwanda kitakachozitafiti. Fungu dogo la MTUSATE lianzie huko, na watengenezaji wa vyuma walipie tafiti za vyuma vyao, data zikiwa mikononi mwa chuo kikuu tangu siku mgonjwa wa kwanza anapoandikishwa.