Jina la kanga halipimwi kwa kuhesabu herufi

Shangazi yangu anauza kanga, na siku hizi wateja wake hawaridhiki na zile zilizokwisha chapwa, mtu anakuja na jina lake la harusi au la arobaini anasema hili ndo nalitaka, hebu nione litakavyokaa. Basi mwaka 2022 akanipigia, wewe si ndo unajua kompyuta, nitengenezee kitu mteja akiandika jina alione palepale ndani ya kanga kabla hatujapeleka kwa mchapaji. Nikamwambia shangazi hiyo kazi ya jioni moja. Jamani. Jioni moja!

Kwa asiyeijua kanga (yupo kweli?), ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na chini ya mji kuna kile kisanduku chembamba cha jina, yaani yale maneno ya kanga, herufi kubwa tupu. Pindo na mji ni picha tu, unazipakia umemaliza. Mateso yote yalikuwa kwenye kile kisanduku.

Toleo la kwanza nilikisia. Dirisha nilitengeneza kwa Tkinter, laibrari ya Python ya kutengeneza madirisha, picha ya kanga nikaichora kwa Pillow, laibrari yake ya picha, fonti Arial ukubwa wa pikseli 100, nikasema herufi moja tuipe pikseli 60, zidisha kwa idadi ya herufi, hapo ndo upana wa jina, toa kwenye upana wa kisanduku, gawa kwa mbili, anza kuandika. Najua kuna mtu anacheka saa hizi na najua kuna mwingine hacheki kwa sababu programu aliyoandika jana iko hivyohivyo.

Shida ni kwamba herufi hazilingani hata kidogo. Kwenye Arial ya pikseli 100, W inakula karibu pikseli 94 na I inakula 28 tu. Chukua WAMEUMWA, herufi 8, halafu chukua HILI SILILI ambayo ukihesabu na nafasi ni 11. Kwa hesabu yangu ya 60 la pili lilitakiwa liwe refu zaidi, 660 kwa 480. Ukizijumlisha herufi moja moja kwa upana wake halisi, WAMEUMWA inatoka kama 628 na HILI SILILI kama 473. Yaani fupi ndo refu na refu ndo fupi! Na kiswahili chetu ndivyo kilivyo, neno moja limejaa M na W na A, linalofuata ni vijiti vitupu, ukikisia kwa wastani utakosea kote kuwili.

Mjanja mmoja atasema sawa, basi tengeneza jedwali, kila herufi na upana wake, jumlisha. Hapana bwana. Fonti nzuri ina tabia ya kusogeza herufi jirani zikaribiane zikiwa zinaingiliana maumbo, A inajibanza chini ya bawa la W, A na V hivyohivyo. Sasa niambie kwenye kiswahili WA inatokea mara ngapi? Kila sentensi. Kwa hiyo jumla ya herufi moja moja inazidi kidogo upana wa jina lenyewe, na kosa linakua kadiri jina linavyorefuka. Njia ni moja tu, upeleke jina zima kwa laibrari itakayolichora, uiulize hili kwa fonti hii na ukubwa huu litakula kiasi gani, ikujibu, ndo uanze kuchora. Hata kwenye braoza ni vilevile, kanvasi, yaani eneo la kuchorea, ina amri ya kupima inaitwa measureText, unaipa maneno yako yote kwa mkupuo.

Na kanga za zamani ndo zingenikomesha kabisa, maana majina yake yalichapwa kwa herufi za kiarabu, na huko herufi hiyohiyo inabadilika umbo ikiwa mwanzo wa neno, katikati au mwisho. Kupima herufi peke yake huko haina hata maana. Nilijaribu kwa udadisi tu, Pillow yangu ilikuwa haina Raqm, laibrari inayounganisha na kupanga herufi kama hizo, ikanitolea herufi zimeachana kila moja kivyake na zinaanzia kushoto, mzee wa jirani aliyesoma chuo cha Kurani alivyoona akauliza nani kaandika huu uchafu. Nikafunga laptop.

Haya, nikaacha kukisia, nikatumia textsize ya Pillow, inakupa upana na kimo. Upana ukakaa sawa, shangwe. Nikamtumia shangazi picha ya WEMA HAUOZI.

"Mwanangu, jina zuri, lakini mbona limekaa chini kama limechoka?"

"Shangazi hapo ni katikati kabisa, kompyuta imepima."

"Basi hiyo kompyuta yako macho yake mabovu."

Nikasema huyu mama anaonea mashine. Nikafungua picha nikahesabu pikseli kwa mkono, juu na chini, na kumbe mama yuko sahihi, limeshuka karibu pikseli 10! Hii ndo sehemu iliyonifanya niandike hii makala, kwa sababu naona watu wengi wanaipita juu juu.

Maandishi yana vipimo viwili, na ukiuliza "kimo chake ngapi" bila kusema unataka kipi utapewa chochote. Kuna kimo cha wino, yaani pale ambapo rangi imegusa kweli, kutoka kichwa cha herufi hadi chini yake. Na kuna kimo cha mstari, ambacho fonti imejiwekea yenyewe, kina nafasi juu na kina nafasi chini kwa ajili ya mikia ya g, j, p, y hata kama neno lako halina mkia wowote. Pango, laibrari nyingine ya kupanga maandishi, wanavitenganisha wazi kabisa, unapewa mstatili wa wino na mstatili wa mpangilio, chagua. Kwenye kanvasi ya braoza navyo vipo viwili, actualBoundingBox ndo wino na fontBoundingBox ndo fonti. Ile textsize ya Pillow ilikuwa nusu kwa nusu, ilipima kuanzia mstari wa juu wa fonti kushuka hadi chini ya wino. Sasa kwa Arial ya 100, kutoka mstari wa juu wa fonti mpaka kichwa cha herufi kubwa kuna kama pikseli 19 tupu, halafu herufi yenyewe kama 72. Mimi naambiwa kimo ni 91, naweka 91 katikati, na zile 19 za hewa zote ziko juu, kwa hiyo wino unashuka nusu yake. Ndo zile karibu 10 za shangazi.

Baadaye nikapata toleo jipya la Pillow, 10.0 la Julai 2023, programu ikagoma kabisa, textsize imeondolewa. Watu walilalamika sana na mimi nililalamika kwa dakika kama ishirini hivi, ila kusema ukweli walifanya vizuri, na walishatoa onyo tangu toleo la 9.2 mwaka mmoja kabla. Sasa kuna textlength ya urefu wa mstari na textbbox ya mstatili wa wino, na textbbox inakupa namba nne, kushoto, juu, kulia, chini. Watu wanafanya nini? Wanatoa kulia kwa kushoto na chini kwa juu, wanapata upana na kimo, halafu wanazitupa zile mbili za mwanzo! Ile ya juu sio sifuri jamani, ndo zile 19. Usipoitoa kwenye y yako, yaani pale unapoanzia kuchora kutoka juu, umerudi palepale pa jina lililochoka.

Ila msitoke hapa mkasema basi kila kitu tupime wino. Nilifanya ujinga huo kwenye vitufe vya hilohilo dirisha, nilikuwa navichora mwenyewe kwa Pillow. Kitufe cha "Futa" na cha "Jaza upya" viko bega kwa bega, nikaweka kila kimoja katikati kwa wino wake, "Jaza upya" kwa sababu ya mikia ya p na y ikapanda juu, "Futa" ikabaki, ukiangalia ni kama meno yaliyopishana. Vitu vinavyokaa mstari mmoja vipimie kimo cha fonti, kitu kinachokaa peke yake ndani ya kisanduku chake kama jina la kanga kipimie wino. Huo ndo msimamo wangu.

Kingine kifupi, pima kwa mzani uleule utakaochorea. Mimi kwa uvivu nilikuwa napima kwa measure, amri ya kupima ya fonti za Tkinter, halafu nachora kwa Pillow, ukubwa 40 huku na 40 kule, haviendani. Kumbe kwenye Tkinter namba chanya ni pointi, kipimo cha wachapaji, ukitaka pikseli unaandika hasi, -40, wakati Pillow yenyewe ni pikseli moja kwa moja. Kwa skrini ya pikseli 96 kwa inchi pointi 40 ni pikseli 53 na kitu. Siku mbili zilipotea hapo.

Kwa majina marefu, mfano NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIMUOGOPI MTU KWA MANENO YAKE, shangazi hataki mistari miwili, so programu inapima kwanza kwa 100, inaona limezidi mara ngapi, inapunguza fonti kwa uwiano huo, inapima tena kuhakikisha, ikizidi inashusha moja moja mpaka liingie.

Na mjue sio kanga tu. Kuna programu ya kulipia naitumia kila wiki, waliitafsiri kiswahili bila kupima chochote, Save ilikuwa herufi 4 wakaweka Hifadhi 7 kwenye kitufe kilekile, na kile cha mwisho kimeandikwa "Thibitisha mu…" mpaka leo sijui nathibitisha muamala au mume.

Shangazi sasa anaitumia kila siku. Wiki iliyopita kaniambia jina bado liko chini, kidogo sana. Nikapima, juu na chini pikseli sawasawa, sifuri tofauti. Nikamwonyesha namba, akaangalia kanga, akaangalia mimi. Nadhani ni pindo la chini ni zito linavuta jicho, sijui, ila nimemwekea kijisanduku cha kusogeza jina juu au chini kwa mkono, nimekiita "jicho la shangazi", na kwa sasa kiko kwenye 3.