Hadithi fupi za Kijapani kwa Kiswahili: moja kwa moja, au kupitia Kiingereza?

Fungua "Yabu no naka", hadithi ya Akutagawa Ryūnosuke ya mwaka 1922. Mwanamume ameuawa vichakani, na watu saba wanatoa maelezo. Mkata kuni anajibu kwa unyenyekevu wa mtu aliyesimama mbele ya mkubwa. Bibi kizee anajiita "temae", neno la kujishusha. Jambazi Tajōmaru anajiita "watashi". Marehemu, anayesema kupitia mwanamke aliyepandwa na mzimu wake, anajiita "ore", mimi ya mwanamume asiyemnyenyekea mtu. Kiingereza kina neno moja tu kwa wote hao. Anayefasiri kutoka Kiingereza hupokea sauti zilizokwisha kusawazishwa, na hajui kilichopotea.

Ndiyo hoja kubwa ya wanaodai tafsiri ya moja kwa moja, na ina uzito kwa sababu mara nyingi kilichopotea katika Kiingereza Kiswahili kinacho. Mkata kuni huyo kwetu angesema "naam, mheshimiwa" na msomaji angemwona papo hapo. Chukua pia tanakali. Wajapani wana neno la sauti ya kimya chenyewe, "shiin", ambalo Kiingereza hulizunguka kwa sentensi nzima. Sisi tunasema kimya jii, basi. Au chukua jinsia: Kijapani huweza kumtaja mtu bila kusema ni mume au mke, Kiingereza hulazimika kuchagua, na kiambishi chetu "a-" hakichagui. Siri ya mwandishi hufichuliwa njiani bure.

Hata mwandishi Kawabata Yasunari yamemkuta. Sentensi ya kwanza ya "Yukiguni", riwaya aliyoanza kuichapisha vipande vipande mwaka 1935, haina treni. Mfasiri Edward Seidensticker aliitia treni katika Kiingereza chake cha 1956, kwa kuwa sentensi ilihitaji mtendaji. Kiswahili hakihitaji: "Ukishalipita handaki refu la mpakani, ni nchi ya theluji."

Wanaotetea njia ya Kiingereza nao wana la kusema. Wanaosoma Kijapani cha fasihi na papo hapo kuandika Kiswahili chenye ladha ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili, lakini kufasiri kuingia lugha uliyojifunza ukubwani ni kazi nyingine kabisa. Na anayebabaisha kanji, herufi za asili ya Kichina zinazoandikia Kijapani, ataharibu zaidi kuliko anayemfuata Jay Rubin, ambaye tafsiri zake za Akutagawa za mwaka 2006 ni za msomi aliyebobea.

Naegemea kwao, kwa sharti: Kiingereza kiwe ngazi, na asili isomwe. Hadithi fupi inaruhusu hilo, maana kurasa kumi hukaguliwa mstari kwa mstari, riwaya haivumilii. Chukua tafsiri mbili za Kiingereza, kwa "Yabu no naka" ile ya Takashi Kojima ya 1952 na ya Rubin, uzilaze sambamba. Zinapoachana, weka alama. Maandishi ya Kijapani yako bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Aozora Bunko. Kaa na msomaji wa Kijapani umuulize kila penye alama: nani anasema, anajiitaje, anamheshimu nani, pana tanakali gani. Tafsiri moja haitoshi, kwani hata makato hurithiwa: "Izu no odoriko" ya Kawabata ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1955 ikiwa imepunguzwa, na aliyeifuata hiyo alikata bila kujua.

Hakimiliki huwakwaza wengi. Akutagawa alifariki mwaka 1927, kazi yake ni huru. Kiingereza cha Rubin si huru, na kukifasiri kunahitaji ruhusa. Kazi za Kawabata mwenyewe, aliyefariki 1972, bado zinalindwa nchini Japani. Ruhusa iombwe kabla ya kuanza, na ukurasa wa mbele utaje imefasiriwa kutoka Kiingereza cha nani, cha mwaka gani, na nani aliilinganisha na Kijapani.