Kikokotoo: asilimia zimepiganiwa, vigawanyo vimeachwa

Juni 2024 Waziri wa Fedha wa Tanzania alitangaza bungeni kwamba watumishi waliokuwa wakilipwa asilimia 50 ya pensheni yao kwa mkupuo, yaani kwa mara moja wanapostaafu, kisha wakashushwa hadi 33, sasa watapata 40. Wale waliokuwa kwenye 25 wakapandishwa hadi 33 watapata 35. Tangu hapo mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, umepoa, lakini haujaisha. Mwalimu au muuguzi anayeendelea kulalamika huambiwa mambo mawili: kwamba haelewi hesabu, na kwamba mstaafu akikabidhiwa fedha nyingi kwa mpigo atazimaliza kabla mwaka haujageuka. Hili la pili lina mifano yake mitaani. La kwanza si haki, na hesabu yenyewe inaonyesha.

Tumchukue mwalimu aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30, ambaye mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, sawa na 12,000,000 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, mifuko ya watumishi wa Serikali Kuu na wa serikali za mitaa, miezi 360 iligawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa mshahara wa mwaka. Jibu ni pensheni kamili ya 8,000,000 kwa mwaka. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5, akapata mkupuo wa 62,000,000. Nusu iliyobaki iligawanywa kwa miezi 12, akawa analipwa 333,333 kila mwezi.

Kwa kanuni iliyoanza Julai 1, 2022, kigawanyo ni 580, kizidisho ni 12.5. Pensheni kamili inashuka hadi 7,448,276. Kwa asilimia 40 ya sasa, mkupuo ni 37,241,379 na pensheni ya mwezi ni 372,414.

Sasa tazama tofauti. Mkupuo umepungua kwa 24,758,621. Pensheni ya mwezi imeongezeka kwa 39,081. Ili nyongeza hiyo irudishe kilichopungua, mwalimu huyu anahitaji miezi 633, karibu miaka 53 baada ya kustaafu. Akistaafu na miaka 60, atakuwa amelipwa fidia yake yote akiwa na 113. Mtu aliyeambiwa kuwa fedha yake haijapotea, imehamishiwa tu kwenye pensheni ya mwezi, ana haki ya kuuliza imehamia wapi.

Jibu liko kwenye kutenganisha vitu viwili ambavyo mjadala umevichanganya kwa miaka. Tungeshusha asilimia peke yake, kutoka 50 hadi 40, na kuacha 540 na 15.5 kama zilivyokuwa, mkupuo ungekuwa 49,600,000 na pensheni 400,000 kwa mwezi. Hapo milioni 12.4 zimetoka kwenye mkupuo, lakini zinarudi kidogo kidogo, 66,667 kila mwezi, na baada ya miaka 15 na nusu zimerudi zote. Huko ndiko kuhamisha. Ila kuna milioni 12.36 nyingine zilizoondoka kwa sababu ya 580 na 12.5. Hizo hazikuhamishiwa popote, na zimeondoka pamoja na 27,586 za kila mwezi. Hili ni punguzo la mafao, liitwe hivyo.

Ndiyo maana hata kilio cha "turudishieni 50" hakigusi kidonda. Kwa 580 na 12.5 za sasa, asilimia 50 ingempa mwalimu wetu 46,551,724, na pensheni yake ya mwezi ingeshuka hadi 310,345, chini ya ile ya zamani. Vyama vya wafanyakazi vilipigania namba inayoonekana kwenye vichwa vya habari. Namba zilizofanya kazi kubwa zaidi zikapita kimya.

Mfuko wa watumishi wa umma, PSSSF, nao una hoja, na si ndogo. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara: mwajiri 15, mtumishi 5. Hata tukijifanya kwamba mwalimu huyu alilipwa milioni moja tangu siku ya kwanza, jambo ambalo halitokei, michango ya miezi 360 ni shilingi 72,000,000 kabla ya faida ya uwekezaji. Ukimpa mkupuo wa 62,000,000, zinabaki milioni 10, na pensheni yake inakula milioni 4 kwa mwaka. Bila faida, akiba imekwisha katika miaka miwili na nusu, na yeye anaendelea kulipwa mpaka anakufa. Kwa kanuni ya sasa, zinabaki 34,758,621, zinazotosha karibu miaka minane. Anayesimamia mfuko hawezi kuifumbia macho hesabu hii.

Kuna pia suala la mshahara wa kukokotolea. PSPF ilitumia mshahara wa mwisho, na mtumishi aliyepandishwa daraja miezi michache kabla ya kustaafu alibeba pensheni ya daraja ambalo hakulichangia. Sasa hutumika wastani wa miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Ukipandishwa kwa 200,000 mwaka mmoja kabla ya kuondoka, wastani wako unapanda kwa 66,667 tu. Kwa mfuko ni kinga halali. Kwa mwalimu aliyecheleweshewa daraja na mwajiri ni adhabu kwa kosa lisilo lake. Na haki kati ya wanachama ina uzito: wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi, na iliyokuwa PPF, mfuko wa mashirika ya umma, walikuwa tayari kwenye asilimia 25, 580 na 12.5, na kwao mabadiliko haya yameongeza mkupuo.

Lakini pengo la mfuko wa watumishi wa umma lilitoka wapi? Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali Kuu hawakuchangia; pensheni ililipwa na Hazina. PSPF ilipoanza iliwarithi watu wenye miaka 10, 15, 20 kazini bila mchango wowote kwa miaka hiyo, na ikawalipa wanaostaafu kana kwamba walichangia, Serikali ikiahidi kufidia. Fidia haikuja kwa wakati. Deni lilitajwa kuwa zaidi ya shilingi trilioni 4, na Desemba 2021 PSSSF, iliyozaliwa Agosti 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ilipewa hati fungani maalumu zisizo taslimu, yaani ahadi ya Serikali ya kulipa baadaye kwa riba, za shilingi trilioni 2.17. Miaka 22 baadaye, karibu nusu ya deni ililipwa kwa karatasi. Karatasi hiyo ina thamani, inazaa riba, na ni hatua ya kweli. Ila fedha ambayo ingewekezwa mwaka 2001 au 2005 ingekuwa imejizalisha mara kadhaa kufikia leo. Mapato hayo hayapo, na sehemu ya shimo lao imezibwa na mkupuo wa mwalimu.

Kuunganisha mifuko kulikuwa sahihi. Bodi nne na makao makuu manne, yanayogombea wanachama walewale na kushindana kwa majengo, yalikuwa gharama bila faida. Kilichofuata ndicho kinachotia shaka: mwaka 2019 mamlaka ya udhibiti, SSRA, ilivunjwa na kazi zake zikahamishiwa wizarani. Benki Kuu bado inatoa mwongozo wa uwekezaji. Hata hivyo Serikali leo ni mwajiri anayeleta michango, mdaiwa, mkopaji, mteuzi wa bodi na mdhibiti. Wanaoutetea mpangilio huu husema Serikali ndiyo itakayobeba mzigo mfuko ukianguka, kwa hiyo lazima iushike usukani. Mwaka 2018 ulionyesha udhaifu wake. Kanuni zilitolewa, watumishi wakapiga kelele, na Desemba 28 Rais Magufuli akazisitisha kwa tamko la siku moja hadi 2023. Wengi walifurahi, na kwa haki. Lakini mafao yanayoshuka kwa kanuni ya waziri na kupanda kwa tamko la Ikulu hayana mtu wa kuyatolea hesabu.

Ningeacha asilimia 40 ilipo na kudai vitu vingine. Cha kwanza ni pensheni inayofuata bei. Nyongeza hutegemea tathmini ya uhai wa mfuko, yaani uwezo wake wa kulipa mafao ya miaka ijayo, na uamuzi, haiji yenyewe. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4, katikati ya lengo la Benki Kuu la 3 hadi 5, ile 372,414 baada ya miaka 12 itanunua vitu vya kama 232,600 za leo. Hii ndiyo sababu mtumishi mwenye akili timamu anataka fedha yake mapema, ajenge na kupangisha: kodi ya chumba hupanda, pensheni husubiri. Cha pili ni muhtasari wa tathmini hiyo utolewe hadharani, uonyeshe uwiano wa mali na madeni, umri wa kuishi uliotumika kupata 12.5, na faida halisi ya kila kundi la uwekezaji baada ya kutoa mfumuko wa bei, majengo na viwanda vikiwa peke yake.

Kwa aliyebakiza miaka mitano kustaafu, kuna hesabu moja asiyohitaji kumsubiri mtu. Achukue taarifa ya michango yake na kuilinganisha na hati za mshahara, mwezi kwa mwezi, hasa miezi aliyohama kituo au mwajiri, na miezi ya mwanzo kazini. Kwa mshahara wa mfano wetu, miezi sita isiyoonekana inakata 620,690 kwenye mkupuo na 6,207 kila mwezi maisha yote. Sheria inautaka mfuko ulipe ndani ya siku 60, lakini siku hizo zina maana tu nyaraka zikiwa kamili. Mchango uliopotea halmashauri ya zamani unadai barua, hati ya malipo na afisa wa kuitafuta kwenye majalada, na kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi ukiwa bado una ofisi na mwajiri wa kukuandikia.