Glioblastoma inapobadili seli zake: kipimo kipi kinafaa Moshi?

Glioblastoma, saratani kali ya ubongo, ni nadra kusambaa nje ya ubongo. Huua humohumo kichwani, kwa kujipenyeza katikati ya seli nzima hadi daktari wa upasuaji asione mpaka wake. Tangu 2006 watafiti wameonyesha kwamba uvimbe ukirudi, mara nyingi seli zake huwa zimechukua tabia za mesenkima, yaani za seli za tishu unganishi: hupenya zaidi na kustahimili mionzi. Je, maabara za Moshi na Arusha zipime badiliko hilo kwa kila mgonjwa?

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Ukosefu wa oksijeni, makrofaji (seli za kinga) zinazoingia kwenye uvimbe na hata mionzi ya tiba huamsha protini NF-kB na STAT3, na hizo huwasha jeni za mesenkima. Tiba inaweza basi kuchochea usugu wake yenyewe. Na wagonjwa wakipimwa kwa makundi, wenye CD44 na YKL-40 nyingi, protini za alama ya mesenkima, kwa kawaida huishi muda mfupi zaidi.

Lakini kundi si mgonjwa mmoja. Utafiti wa seli mojamoja wa 2019 ulikuta hali nne za seli ndani ya uvimbe uleule, nazo huhama kutoka hali moja kwenda nyingine. Kinyama (kipande cha uvimbe cha kupimwa) kikikatwa karibu na sehemu iliyooza kitasoma mesenkima. Kikitoka pembeni, jibu linaweza kuwa jingine. Kufuata kupotea kwa E-kadherini, protini inayoshikanisha seli, kama kwenye saratani ya titi, hakusaidii, kwani glioma (uvimbe wa seli saidizi za ubongo, kama glioblastoma) nyingi hazina protini hiyo tangu mwanzo. Vimentini, protini nyingine ya alama ya mesenkima, nayo ipo hata kwenye astrositi (seli saidizi za ubongo) za kawaida.

Tena jibu hilo halibadili matibabu. Mgonjwa atapata upasuaji, grei 60 (kipimo cha dozi) za mionzi kwa vipindi 30, na temozolomaidi, dawa ambayo katika jaribio la 2005 ilisogeza muda wa kati (median) wa kuishi kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Vipimo viwili vya jeni, kinyume chake, vina kazi. Mabadiliko ya jeni IDH hubadili utambuzi wenyewe, kwa mwongozo wa WHO wa 2021. Jeni MGMT, ya kurekebisha DNA, hudokeza kama temozolomaidi itafaa.

Kwa hiyo fedha zianzie kwenye kupaka kinyama rangi ya kutambua IDH1 R132H (badiliko la IDH linaloonekana zaidi), inayonasa takriban asilimia 90 ya mabadiliko ya IDH. Ikitoka hasi kwa mtu wa miaka 55 au zaidi, asiye na historia ya glioma ya daraja la chini, kwa kawaida inatosha. Kwa kijana, jeni zisomwe.

Vipimo hivyo vyote huharibika kinyama kikihifadhiwa vibaya kwenye chupa. Kinyama kinachosafiri kutoka Arusha hadi Moshi kikiwa kwenye salaini (maji ya chumvi) huoza njiani, na fomalini isiyo na bafa (kidhibiti cha asidi) hukatakata DNA. Kitumike fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara kumi ya kinyama, kwa saa 6 hadi 72.

Wanaotaka utafiti nao wasinyimwe: bloku za parafini (vinyama vilivyogandishwa kwenye nta) za upasuaji wa kwanza na wa pili zihifadhiwe pamoja, na fomu ieleze kinyama kilikatwa wapi na kama mgonjwa alikuwa kwenye deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe wa ubongo. Bila jozi hizo, mabadiliko ya seli kwa wagonjwa wa Kaskazini hayatapimika, hata mashine ya kupima ikinunuliwa.