Mpiga dawa asilipwe kwa bomba

Muulize kijana anayepiga dawa kwenye nyanya kule Ngarenanyuki, Arusha, analipwa shilingi ngapi, hatakutajia mshahara. Atakutajia bei ya bomba, yaani anacholipwa kwa kila bomba la dawa analolimaliza. Mnapatana palepale shambani, anapiga, jioni mnahesabu mabomba. Pesa ni ndogo, hilo halina ubishi, ila mimi kinachonikera zaidi ni huo mtindo wa kuhesabu.

Chukua bomba la mgongoni la lita 16. Ekari ikitaka lita 200, atajaza mara 12 na bado, na kila mara ni zaidi ya kilo 16 mgongoni huku anakanyaga matuta yenye tope. Akivaa glavu, halipwi. Akinawa, halipwi. Akisubiri upepo utulie, ndiyo kabisa. Nozeli ikiziba, anaing'oa na kuipuliza kwa mdomo, ileile iliyokuwa inamwaga sumu sasa hivi, anairudisha, anaendelea. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na wala yule mtu si mjinga. Ana haraka kwa sababu haraka ndiyo inayomlipa. Bomba kuukuu nalo likivuja kwenye mfuniko, shati linalowa mgongo mzima, na ngozi ndiyo njia kubwa ya sumu kumwingia mpiga dawa, ingawa wengi wanaogopa pua tu. Kisha anapewa glasi ya maziwa "akate sumu". Maziwa hayaitoi dawa iliyokwisha kupenya kwenye ngozi, jamani.

Sheria haimtofautishi. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa sekta ya kilimo. Anayepalilia na anayechanganya viuatilifu wakawekwa kapu moja. Wenzetu Marekani, zile dawa kali zaidi hupigwa na mwenye cheti, au mtu anayesimamiwa na mwenye cheti, na cheti hicho hakitolewi kwa aliye chini ya miaka 18. Kule ni fani. Huku kwetu, mamlaka ya viuatilifu yenyewe, TPHPA, makao yake yako hapahapa Arusha, lakini kijana wa bomba anaokotwa kijiweni asubuhi.

Najua mkulima atasema nini, maana na mimi nina ndugu wanaolima. Tangu kantangaze, yule mdudu anayemaliza nyanya, aingie nchini mwaka 2014 dawa haziishi kununuliwa, halafu unafika soko la Kilombero pale Arusha mjini unakuta bei ya nyanya imelala. Hela ya kumwongezea kibarua itoke wapi? Nusu yake nakubali. Lakini mkulima huyohuyo akiambiwa kuna dawa mpya inayoua kantangaze, anakopa ainunue leo leo. Anayeipiga ndiye wa kubanwa?

Malipo yawe ya siku. Kazi ianze alfajiri na ikome jua likianza kuwa kali, na muda wa kuoga na sabuni uhesabiwe kuwa kazi. Ovaroli na gambuti ni za tajiri, zifuliwe na zibaki shambani, asizipeleke nyumbani kwa watoto. Na akilikataa bomba linalovuja, asikatwe siku yake.