Kabla hujashika kalamu ya mtoto

Mtoto wa kidato cha pili pale Ngamiani, Tanga, akija jioni na daftari la Kiingereza, wengi wetu tunakimbilia kumwandikia jibu. Atapata vema, na wiki ijayo kosa litarudi lilelile. Maana kosa hilo mara nyingi halitokani na uvivu, linatokana na Kiswahili chake safi.

Chukua hii: "She is living in Tanga since 2019." Mtoto ametafsiri kwa uaminifu kabisa: anaishi Tanga tangu 2019. Ile -na- yetu haijali jambo lilianza lini, ilimradi linaendelea. Kiingereza kinajali, kinataka "She has lived in Tanga since 2019." Basi kitenzi akiache kwanza. Apigie mstari neno la wakati, ajiulize: huu ni mwanzo au ni urefu wa muda? 2019 ni mwanzo, inakwenda na "since". Miaka mitano ni urefu, inakwenda na "for". Hapo ndipo arudi kwenye kitenzi. Sentensi 6 alizotunga mwenyewe zinatosha kwa jioni moja. 30 za kunakili ni kuchosha mkono tu.

"My mother he is cooking" ina makosa mawili, yatenganishe. La kwanza, "yeye" wetu hana jinsia. La pili, tumezoea mama *a*napika, kwa hiyo mtoto anaitafutia ile a- neno lake. Na "borrow me your pen"? Kuazima kwetu ni kutoa na ni kupokea. Waingereza wana maneno mawili: "lend" ni kutoa, "borrow" ni kupokea.

Kwenye fasihi, mtoto wa Tanga ana mtaji ambao haelezwi kuwa anao. Aliyefundishwa mashairi ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapo jirani, anajua kuhesabu mizani nane kwa nane. Aanzie hapo. Ila mwonye kwamba Kiingereza kinahesabu na mkazo pia. Soneti ya Shakespeare, yaani aina ya shairi fupi, ina mistari 14, kila mmoja silabi 10 kwa kawaida, na mkazo huangukia silabi ya pili, ya nne, kuendelea. Agonge meza anaposoma. Vina navyo asivitafute kwa macho: "love" na "move" zinafanana karatasini lakini hazilingani mdomoni, wakati "blue" na "through" ni kina halisi. Akisoma kimyakimya atakosea tu.

Insha ya kitabu ndiyo inayoua alama. Swali linataka hoja, mtoto anasimulia hadithi kuanzia ukurasa wa kwanza, tena kwa wakati uliopita, ilhali matukio ya kitabu huelezwa kwa wakati uliopo. Mpe penseli akate kila sentensi inayosema kilichotokea tu. Aya ikibaki tupu, aandike upya: hoja kwanza, kisha tukio moja, kisha kwa nini tukio hilo linaithibitisha.