Kifo chenye Uzito na Kifo cha Chambo: Kuupima Ubora wa The Walking Dead

Watazamaji wa filamu wana usemi wao wa siku nyingi: steringi hafi. Risasi zitamkosa, nyumba itaungua akiwa ametoka, na adui ataropoka mno mpaka ampe nafasi ya kujiokoa. The Walking Dead, tamthilia ya Marekani kuhusu Rick na wenzake wanaojaribu kuishi katika ulimwengu uliojaa mazombi, yaani wafu walioinuka wanaokula watu, iliyorushwa na kituo cha AMC kuanzia tarehe 31 Oktoba 2010 hadi tarehe 20 Novemba 2022, ilijipatia wapenzi kwa kuukana usemi huo. Katika misimu yake 11 yenye sehemu 177, mtu uliyemfuata kwa miaka kadhaa angeweza kung'atwa na zombi usiku mmoja, na wiki iliyofuata hadithi ikaendelea bila yeye. Ubishi juu ya ubora wake haujapoa mpaka leo. Wapo wanaoshikilia kwamba ilikuwa miongoni mwa tamthilia bora za zama zake mpaka msimu wa sita, kisha ikaharibika isitengenezeke tena. Na wapo wanaosema kwamba walioiacha njiani waliikosa nusu ya uzuri wake. Mimi nimo katika kundi la pili, lakini naona kundi la kwanza lina hoja moja nzito ambayo sisi wapenzi tumezoea kuikwepa, nayo ndiyo ninayotaka kuifikia. Ambaye hajaitazama aelewe mapema kwamba tamthilia hii haijadiliki bila kutaja nani anakufa.

Wanaoishutumu huanza na takwimu. Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 5 nchini Marekani; msimu wa tano ulipofunguliwa Oktoba 2014 watazamaji walipindukia milioni 17; na usiku wa sehemu ya mwisho kabisa walikuwa wamebaki milioni 2 na ushei. Mporomoko kama huo, wanauliza, una maana gani nyingine? Watetezi hujibu kwamba katika miaka hiyohiyo Wamarekani wengi walikuwa wakiziacha televisheni za kebo na kuhamia huduma za kutazama kwa intaneti, kwa hiyo tamthilia za kebo kwa jumla zilipungukiwa. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Msimu wa saba ulifunguliwa Oktoba 2016 kwa watazamaji milioni 17, na kabla msimu huo haujafika katikati mamilioni yao walikuwa wameshaondoka. Mabadiliko ya teknolojia hayaendi kwa kasi ya majuma machache. Kuna jambo watu walilitazama usiku ule likawakera. Hata hivyo takwimu zinatuonyesha tu ni lini watu waliondoka. Haziwezi kutuambia kama yaliyofuata yalikuwa mabaya, kwa kuwa walioondoka hawakuyaona.

Lawama ya zamani zaidi ni kwamba tamthilia inajikokota. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 6 tu, zenye mbio na hofu. Wa pili ukawa na sehemu 13, na takriban wote ukakaa katika shamba la mzee Hershel, watu wakimtafuta Sophia, mtoto aliyepotelea msituni, na kubishana wao kwa wao. Nyuma ya kamera pia hapakuwa shwari, kwani Frank Darabont, aliyeianzisha tamthilia, aliondolewa mwaka 2011 msimu huo ukiwa bado unatengenezwa. Nakubali kwamba zipo sehemu mbili tatu ambazo zingeunganishwa kuwa moja na hakuna ambaye angedai chake. Lakini anayeushutumu msimu ule kwa upole wake na atazame tena tukio la banda, lililofunga nusu yake ya kwanza.

Shane, rafiki wa Rick, anavunja kufuli la banda ambamo Hershel, akiamini kwamba hao ni wagonjwa watakaopona siku moja, amewafungia jamaa na majirani zake waliogeuka mazombi. Wanatoka mmoja baada ya mwingine na kupigwa risasi. Kinafuata kimya. Kisha anatoka wa mwisho, mdogo wa kimo, akipepesuka kuelekea kwenye mwanga, naye ni Sophia. Siku zote walizokuwa wakihangaika msituni alikuwa hatua chache kutoka pale wanapolala. Carol, mama yake, anakimbia kumwendea, na Daryl anamdaka na kumkalisha chini. Wote waliokuwa wakifyatua risasi kwa hamasa wameganda. Rick, ambaye hakutaka mauaji yale yafanyike, anawapita, anainua bastola yake, anaelekeza. Tukio hilo linachukua dakika chache tu, lakini uzito wake wote umetokana na zile sehemu tunazoambiwa zilikuwa za bure. Bila msako mrefu, Sophia angekuwa zombi mmoja zaidi aliyeuawa.

Kuna sababu ya ndani zaidi inayoifanya tamthilia hii ihitaji utulivu, na sioni ikitajwa vya kutosha. Mwisho wa msimu huohuo tunaambiwa kwamba kila mtu tayari ana maradhi yale mwilini, ameng'atwa au hakung'atwa. Atakayekufa kwa homa, kwa kisu au kwa uzee, atainuka, isipokuwa ubongo wake uharibiwe. Kwa kanuni hiyo moja, kila kifo kinakuwa na awamu mbili: mpendwa wako anakata roho, kisha mtu fulani, mara nyingi yule aliyempenda kuliko wote, analazimika kushika kisu. Hadithi yenye sharti la namna hii haiwezi kuwa ya mbio tu. Ni hadithi ya msiba, na msiba una muda wake. Anayeitazama akitaka mapigano kila sehemu ataona imepwaya, na hatakuwa amekosea kuhusu ladha yake, ila atakuwa anaidai tamthilia kitu ambacho haikuahidi.

Pale ambapo wakosoaji wamepata bila ubishi ni kwenye mzunguko wa matukio. Kundi linapata kimbilio, linatulia, adui mwenye watu wake anatokea, kimbilio linavunjika, safari inaanza upya: shamba, gereza, Terminus, kisha Alexandria. Mara mbili za mwanzo mzunguko huo unamkomaza Rick na wenzake. Baadaye unakuwa mazoea. Vita dhidi ya adui Negan na kundi lake la Wakombozi ilitandazwa kwenye misimu miwili ya sehemu 16 kila mmoja, na wahusika wakatawanywa kiasi kwamba unaweza kukaa majuma mawili hujui mtu unayemjali amefikia wapi. Huo si utulivu wa msiba. Ni unga kuongezwa maji.

Lakini kilichowafukuza watu, kwa maoni yangu, hakikuwa polepole wala marudio. Kilikuwa jinsi tamthilia ilivyoanza kukitumia kifo. Mnamo Oktoba 2015, katika sehemu ya tatu ya msimu wa sita, Glenn, mhusika aliyekuwepo tangu msimu wa kwanza, na mwenzake Nicholas wanazingirwa wakiwa juu ya pipa kubwa la taka; Nicholas anajiua, wote wawili wanaanguka kati ya mazombi, na kamera inatuonyesha uso wa Glenn akipiga mayowe huku matumbo yakinyofolewa. Kwa takriban mwezi mzima hatukuambiwa kama yu hai. Jina la mwigizaji wake, Steven Yeun, likaondolewa hata katika orodha inayopita mwanzoni mwa kila sehemu, ili tuamini kwamba amekufa. Kumbe matumbo yalikuwa ya Nicholas, na Glenn alitambaa chini ya pipa akanusurika. Wapo wanaolitetea jambo hili kwa hoja kwamba wahusika wenzake nao hawakujua, kwa hiyo tuliwekwa katika hali yao. Ningelikubali, laiti jina lisingeondolewa. Maggie, mke wa Glenn, hasomi orodha ya waigizaji. Ujanja ule ulikuwa baina ya watengenezaji na sisi watazamaji, nje kabisa ya hadithi.

Miezi michache baadaye likarudiwa kwa ukubwa zaidi. Msimu wa sita ulifungwa tarehe 3 Aprili 2016 kwa Negan kuzunguka mbele ya watu waliopigishwa magoti, akichagua wa kumuua kwa rungu lake lililozungushiwa seng'enge. Alipoanza kupiga, kamera ikakaa mahali pa macho ya anayepigwa, damu ikatiririka juu ya kioo, picha ikakata. Nani aliyeuawa? Jibu likaja tarehe 23 Oktoba. Kila mpenzi wa tamthilia amezoea hadithi kuishia patamu, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini desturi hiyo hukuacha ukijiuliza kitakachotokea. Hapa kitu kilikuwa kimeshatokea, wahusika wote waliokuwepo walikiona, na ni sisi tu tuliofichwa. Jibu lilipokuja lilikuwa Abraham, mmoja wa wenzake Rick, na baada yake, kwa kuwa Daryl aliruka na kumpiga Negan ngumi, lilikuwa Glenn pia, ambaye fuvu lake lilionyeshwa kwa ukaribu ambao hata waliozoea damu waliona umepita kiasi.

Watetezi husema kwamba kifo cha Glenn kilikuwa kimeandikwa tangu mwanzo katika vitabu vya katuni vya Robert Kirkman vilivyozaa tamthilia hii. Ni kweli, kimo katika toleo la 100, lililotoka Julai 2012, na hakika ni cha kutisha vilevile. Tofauti ni kwamba katika toleo hilo msomaji anaona nani anakufa palepale. Huzuni yake ni kwa ajili ya Glenn. Mtazamaji wa 2016 alikaa zaidi ya miezi sita akikisia jina kama anayebashiri matokeo ya mechi, na jina lilipotajwa sehemu ya huzuni ilikuwa imeshaliwa na hasira. Hii ndiyo hoja nzito niliyosema tumezoea kuikwepa. Kifo kilichoijengea tamthilia heshima kiligeuzwa chambo, na aliyekiona chambo hana wajibu wa kuendelea kukizunguka.

Carl naye. Katika katuni, mtoto wa Rick anaishi mpaka toleo la 193, la mwisho, akiwa mtu mzima, na hadithi nzima inaweza kusomwa kama safari ya baba anayemwandaa mwanawe kwa ulimwengu asiouelewa. Tamthilia ikamuua katika msimu wa nane, na Rick mwenyewe akaondoka katika msimu wa tisa. Nimejaribu mara nyingi kuutetea uamuzi wa kumuua Carl, na sijaweza.

Pamoja na hayo yote, naiweka tamthilia hii juu, na sababu yangu kubwa ni Carol. Katika katuni anakufa mapema. Hapa mwigizaji Melissa McBride alimchukua mke anayepigwa na mumewe, asiyethubutu kuinua macho, akamkuza hatua kwa hatua hadi akawa mtu wa kuogopwa kuliko wote, bila hatua hata moja kuruka. Katika msimu wa nne, ndani ya nyumba iliyojificha msituni, Carol na mwenzake Tyreese wanagundua kwamba Lizzie, mtoto waliyedhani ana mapenzi ya kitoto tu na mazombi, amemchinja mdogo wake ili waone atakavyoamka. Hakuna jela, hakuna daktari, na kuna mtoto mchanga wa kulindwa. Carol anamchukua Lizzie nje, anamwambia ayatazame maua, naye Lizzie analia akidhani amekasirikiwa kwa kosa dogo la kumwelekezea bunduki. Sehemu ile haina adui wala vita, na ilionyeshwa watazamaji wakiwa wengi bado. Inajibu vizuri zaidi kuliko maneno yangu yote swali la kama utulivu wa tamthilia hii ulikuwa wa bure.

Kisha kuna wakati wa Angela Kang, aliyeshika usukani kuanzia msimu wa tisa. Adui mpya, Alpha, anaongoza watu wanaovaa ngozi za mazombi na kutembea kati yao wakinong'ona. Mnamo Machi 2019, baada ya sherehe iliyozikutanisha jumuiya, wenyeji wanakuta vichwa 10 vimechomekwa juu ya nguzo, na kimoja ni cha Henry, mwana wa kulea wa Carol. Fikiria jinsi ilivyokuwa rahisi kukatisha pale na kutuacha tuhesabu nani hayupo. Haikufanyika hivyo. Tunaviona vyote katika sehemu ileile, kimoja baada ya kingine. Daryl, yuleyule aliyemdaka Carol mbele ya banda, anamgeuza uso amtazame yeye. Halafu Siddiq, aliyeachwa hai, anasimama mbele ya watu na kuwasimulia jinsi waliouawa walivyopigana, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, mpaka mwisho. Kishawishi kilikuwa kilekile cha 2016 na uamuzi ukawa mwingine. Wengi walikuwa wameshaondoka, na siwezi kuwalaumu kwa kutoamini.

Msimu wa mwisho, wenye sehemu 24, una msongamano wa wahusika, na ulikuwa na tatizo ambalo misimu ya mwanzo haikuwa nalo: kabla haujaisha ilikuwa imeshatangazwa kwamba Daryl, Maggie na Negan watapata tamthilia zao. Steringi hafi ukarudi kwa mlango wa nyuma. Ila Rosita, mwanamke mmoja wa kundi hilo, hakuwa na tamthilia iliyomsubiri. Katika sehemu ya mwisho anang'atwa akimtorosha mwanawe, anaificha alama mpaka mtoto awe salama, kisha anamwonyesha rafiki yake Eugene peke yake. Hatukufichwa kitu na hatukuzungushwa. Analala kitandani, Eugene akiwa kando yake, na kamera inakaa nao bila haraka mpaka anapofumba macho.